Umri wa Ulimwengu Usikaririwe

Muulize kijana yeyote aliyesoma hadi sekondari ulimwengu una umri wa miaka mingapi. Kama ni mpenzi wa vitabu atakujibu bila kusita: miaka bilioni 13.8. Sina ugomvi na jibu hilo. Mwulize sasa swali la pili: wamejuaje? Hapo utaona macho yanahama. Atakuambia kwamba wanasayansi wamegundua, au kwamba imeandikwa hivyo kitabuni, au kwamba kuna mitambo mikubwa huko ng'ambo. Wala usimlaumu, maana hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba swali la pili lipo.

Nakusudia kulisema jambo hili waziwazi, hata kama litawaudhi wenzangu wa kazi ya ualimu. Namba ya umri wa ulimwengu, ikitolewa bila njia iliyoileta na bila kutaja inaweza kukosea kwa kiasi gani, si elimu. Ni uvumi wenye desimali. Uvumi hauachi kuwa uvumi kwa sababu tu safari hii umetokea kuwa kweli. Isitoshe, nashikilia kwamba yule anayeikariri namba hiyo na yule anayeidhihaki, ambao huonekana kama mahasimu, ni baba na mwana. Wa pili amezaliwa na wa kwanza.

Nitaeleza nilivyoliona jambo hili. Mwaka 1996 nilipeleka wanafunzi wangu kwenye mashindano ya chemsha bongo baina ya shule. Likaja swali la umri wa ulimwengu. Kijana wangu mmoja, mtaratibu, mwenye desturi ya kusoma hata maandishi madogo yaliyo chini ya picha, alijibu: "Ni kati ya miaka bilioni 10 na bilioni 20. Inategemea kasi ya kutanuka kwake, na bado wanabishana." Kwa mwaka ule lilikuwa jibu la kweli kabisa. Mwamuzi alitazama kadi yake akasema, "Si sahihi." Swali likaenda kwa timu ya pili, ikataja bilioni 15, ikapigiwa makofi. Mashindano yalipokwisha nilimwendea mwamuzi nimweleze. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu: "Mwalimu, kadi inasema 15."

Mwamuzi yule sikumchukia, wala sisemi kwamba aliyeandika kadi alikuwa mjinga. Inaelekea alisoma mahali fulani "kati ya 10 na 20", akachukua katikati, akazitupa ncha zote mbili kama mtu anayemenya ndizi. Lakini katika habari ya vipimo, ncha ndizo zenye ukweli. Mpimaji aliyesema "kati ya 10 na 20" alikuwa anatuambia mambo mawili: anachokijua, na mahali ujuzi wake unapokoma. Kadi ililichukua la kwanza ikalifuta la pili.

Tazama sasa matokeo yake. Vijana wa rika lile leo ni watu wazima wenye watoto. Nawasikia barazani na kwenye daladala: "Sisi tulifundishwa bilioni 15. Leo wanawafundisha watoto wetu 13.8. Kesho watasema ngapi? Hawa jamaa wanabahatisha!" Wasikilizaji wanacheka, na mambo yanaishia hapo. Simzungumzii mtu mwenye imani yake ya dini, kwa maana imani ina misingi yake na haingojei darubini. Namzungumzia mtu ambaye hoja yake yote ni kwamba namba imebadilika. Nani aliyempa hoja hiyo? Ni sisi. Kama tungemfundisha "kati ya 10 na 20", leo angeona mwenyewe kwamba 13.8 imo ndani ya uzio uleule. Hakuna kilichobomoka, ila uzio umesogezwa ndani. Lakini tulimpa nguzo moja tu, tukamwambia hii haitikisiki, na ilipong'olewa akadhani nyumba nzima imeanguka.

Basi tuitazame njia yenyewe, maana si ya siri. Tuanzie karibu, kwa Kilimia, kundi dogo la nyota ambalo jina lake limetokana na kulima, kwa sababu wazee walilitazama ili kujua majira ya mvua na jembe. Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini hulitaja kwa jina la mzizi uohuo, isiLimela. Kilimia kiko mbali kiasi gani?

Njia ya kwanza ya kupima nyota kila mtu anaweza kuijaribu papo hapo alipoketi. Nyosha mkono, inua kidole gumba, fumba jicho moja, kisha badilisha ufumbe la pili. Kidole kitaonekana kuruka mbele ya ukuta. Kilete karibu na pua, kitaruka zaidi. Ukijua nafasi iliyopo kati ya macho yako mawili na ukapima pembe ya mruko ule, utajua kidole kiko umbali gani bila kukigusa. Wanafalaki hufanya vivyo hivyo, ila macho yao mawili ni pande mbili za njia ya Dunia kulizunguka Jua. Huitazama nyota leo, wakaitazama tena baada ya miezi sita, Dunia ikiwa imefika kilomita milioni 300 kutoka pale ilipokuwa. Mjerumani Friedrich Bessel alifaulu mwaka 1838 kwa nyota iitwayo 61 Cygni. Pembe aliyoipima ilikuwa ndogo kama upana wa sarafu ya sentimita 2.5 inapotazamwa kutoka umbali wa kilomita 17. Alipata miaka-nuru 10 na kidogo. Mwaka-nuru mmoja ni mwendo wa nuru kwa mwaka mzima, yaani kilomita trilioni 9 na nusu hivi. Leo tunajua nyota ile iko umbali wa miaka-nuru 11.4. Kwa zana za mwaka 1838, kukosea kwa sehemu moja ya kumi ni kazi ya kuvuliwa kofia.

Kilimia je? Mwaka 1997 zilitolewa hesabu za Hipparcos, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa mwaka 1989 kwa ajili ya kupima nyota kwa njia hii ya kidole gumba. Hesabu hizo zilikiweka Kilimia umbali wa miaka-nuru isiyofika 400. Waliotumia njia nyingine walikuwa wakipata 430 au zaidi. Tofauti ile haikuwa ndogo. Kama Hipparcos ilikuwa na haki, basi elimu yetu juu ya namna nyota changa zinavyowaka ilikuwa na kasoro kubwa. Ubishi ulidumu miaka mingi. Mwaka 2014 kundi lililotumia darubini za redio lilipata miaka-nuru 444, kwa uzio wa miaka-nuru 4 hivi kila upande, na baadaye setilaiti ya Gaia, mrithi wa Hipparcos, ikaafiki. Msomaji, fikiri jambo hilo. Nyota zilizowaongoza wazee wetu shambani, nyota ambazo kwa kipimo cha ulimwengu ziko kizingitini petu, umbali wake ulibishaniwa na mabingwa karibu miaka 20. Wala hakuna aliyefungwa, wala aliyefukuzwa kazi, wala aliyesema "kadi inasema".

Sasa, njia ya kidole gumba ina mwisho wake. Nyota ikiwa mbali sana haionekani kuruka hata kidogo, na hapo tunahitaji taa. Ukiona mwanga gizani huwezi kusema uko mbali kiasi gani mpaka ujue unaangalia karabai au kibatari. Ukishajua ni taa gani, hesabu ni nyepesi: taa ikisogezwa hadi mara mbili ya umbali wa kwanza, mwanga unaokufikia ni robo, ikisogezwa mara tatu, ni sehemu moja ya tisa. Taabu yote ni kujua aina ya taa.

Aliyetatua taabu hiyo ni Henrietta Leavitt, mwanamke aliyelipwa senti 30 za dola kwa saa katika kituo cha falaki cha Harvard huko Marekani, kazi yake kukagua picha za nyota zilizopigwa kwenye vioo. Alichunguza nyota za Wingu Dogo la Magellan, ambalo sisi tulio kusini ya ikweta tunaweza kuliona upande wa kusini usiku usio na mbalamwezi wala taa za mji. Humo kuna nyota ziitwazo Sefeidi, ambazo hung'aa na kufifia kwa mapigo ya kawaida, nyingine kwa siku chache, nyingine kwa wiki kadhaa. Kwa kuwa zote zimo katika wingu moja, zinaweza kuhesabiwa kuwa na umbali mmoja kutoka kwetu, kwa hiyo inayoonekana kali kuliko mwenzake ni kali kweli. Mwaka 1912, kwa nyota 25, alionyesha kwamba kadiri mapigo yanavyochukua muda mrefu ndivyo nyota ilivyo na nguvu zaidi. Hesabu siku za mapigo, nawe utajua ni taa ya ukubwa gani. Tangu siku hiyo mbingu zikawa na rula.

Rula hiyo ndiyo aliyoishika Edwin Hubble. Mwaka 1923 aliiona Sefeidi ndani ya Andromeda, akapata umbali wa miaka-nuru inayokaribia milioni moja, nje kabisa ya galaksi yetu. Leo tunajua umbali wa Andromeda ni miaka-nuru milioni 2.5. Angalia kosa hilo, maana litazaa jingine. Mwaka 1929 alitangaza kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi. Miaka miwili kabla yake, Georges Lemaître, padri wa Kikatoliki wa Ubelgiji, alikwisha kulifikia wazo hilo kwa hesabu. Chukua donge la unga wa maandazi lililotiwa zabibu kavu, liache liumuke. Kila zabibu itaziona nyingine zote zikienda mbali nayo, na zilizo mbali zitaonekana kwenda upesi zaidi, ingawa hakuna zabibu hata moja iliyo katikati ya yote. Ulimwengu unatanuka namna hiyo.

Kutoka hapo umri unapatikana kwa hesabu ya safari. Basi lililo kilomita 300 kutoka stendi, likiwa limekwenda kwa kilomita 60 kwa saa, limeondoka saa 5 zilizopita. Lakini kama umedhani liko kilomita 60 tu, utasema limeondoka saa moja iliyopita. Aliyekosea umbali amekosea umri. Hubble aliuona umbali mfupi mno, kwa hiyo hesabu yake iliupa ulimwengu miaka bilioni 2 hivi. Wakati huohuo wapimaji wa mawe walikuwa wakizungumza juu ya Dunia yenye umri wa miaka hadi bilioni 3. Mtoto akawa mkubwa kuliko mama yake!

Hapa mdhihaki wa barazani angepiga makofi. Lakini kosa lile halikufichuliwa na mdhihaki. Lilifichuliwa na mtu aliyekesha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Walter Baade, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, hakuingizwa katika kazi za kivita. Akabaki na darubini ya Mount Wilson huku taa za Los Angeles zikizimwa kwa hofu ya mashambulizi, akaiona Andromeda kama ambavyo hakuna aliyewahi kuiona. Mwaka 1952 huko Roma, mbele ya mkutano wa wanafalaki wa dunia, alieleza kwamba Sefeidi ni za aina mbili na kwamba zilikuwa zimechanganywa, kama mtu anayeita kila taa karabai. Umbali wa galaksi ukawa maradufu, na umri pia. Mwaka 1958 Allan Sandage akafichua makosa mengine: baadhi ya alama ambazo Hubble alizidhania nyota kali zilikuwa mawingu ya gesi inayong'aa. Umri ukapanda tena. Mwaka 1956 Clair Patterson alikuwa amekwisha kuipimia Dunia miaka bilioni 4.55, kwa hiyo mama akarudi kuwa mkubwa kuliko mwana.

Miaka ya 1990 mkasa ukajirudia kwa sura nyingine. Umri wa nyota kongwe hupimwa kwa njia isiyohusiana kabisa na kutanuka. Karabai humulika ua mzima lakini humaliza mafuta upesi. Kibatari humulika sahani tu, nacho hukesha. Nyota nazo ni hivyo: kubwa huisha mapema, ndogo hudumu. Ukitazama kundi la nyota zilizozaliwa pamoja na kuona ni zipi zimekwisha kuzimika, utajua kundi lina umri gani. Makundi makongwe ya galaksi yetu yalikuwa yakikadiriwa kuwa na miaka bilioni 14 au 16. Kisha mwaka 1994 kundi la Wendy Freedman, likitumia Darubini ya Hubble iliyokuwa imetengenezwa angani mwezi Desemba 1993, likapata kasi ya kutanuka ya 80, yaani kilomita 80 kwa sekunde kwa kila umbali wa miaka-nuru milioni 3.26. Kwa nadharia iliyopendwa wakati ule, kasi hiyo iliupa ulimwengu miaka bilioni 8 hivi. Mtoto tena mkubwa kuliko mama.

Lakini kundi lile halikuandika 80 peke yake. Liliandika 80, na uzio wa 17 kila upande. Lilituambia mapema kwamba ukweli unaweza kuwa 63. Miaka michache baadaye pande zote mbili zilisogea. Hipparcos, setilaiti ileile iliyokosea juu ya Kilimia, ilisaidia kuonyesha kwamba makundi makongwe yako mbali zaidi, kwa hiyo nyota zake zina nguvu zaidi na umri mdogo zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Na mwaka 1998 makundi mawili yaliyopima nyota zinazolipuka, supanova, yaligundua kwamba kutanuka kunazidi kuongezeka kasi. Maana yake zamani ulimwengu ulikuwa ukitanuka polepole kuliko tulivyodhani, kwa hiyo umetumia muda mrefu zaidi kufika hapa ulipo. Mama na mtoto wakapatana. Je, haya ni kubahatisha? Anayebahatisha habanwi na kitu. Watu hawa walibanwa na mawe, na taa, na pembe ndogo kama sarafu ya kilomita 17, mpaka wakalazimika kusema waliyoyasema.

Sasa nije kwenye hoja kali kuliko zote za mdhihaki, maana si haki kupiga dhaifu tu. Atasema: hata leo hawajaelewana. Ni kweli. Setilaiti ya Planck ilipima mwanga mkongwe kuliko wote, uliotoka ulimwengu ulipokuwa na miaka 380,000 hivi. Kutokana na mwanga huo, pamoja na nadharia inayokubaliwa sasa, hupatikana kasi ya 67.4 na umri wa bilioni 13.8. Kundi la Adam Riess, likipanda ngazi ya kidole gumba, Sefeidi na supanova, lilipata 73 mwaka 2022. Kundi la Freedman, kwa Darubini ya Webb, limepata kama 70. Mambo mengine yote yakibaki yalivyo, 73 ingepunguza umri kwa takriban miaka bilioni moja.

Lakini jiulize kwa nini tunajua kwamba hawajaelewana. Ni kwa sababu ya nyuzio zao. Planck imeandika 67.4 na uzio wa 0.5, Riess ameandika 73 na uzio wa 1. Nyuzio hizo hazigusani, na hapo ndipo kengele ilipolia. Mwaka 1994 uzio wa 17 ungezimeza namba zote mbili bila mtu kushtuka. Na kama zingeandikwa kwenye kadi bila uzio wowote, 67 na 73, nani angejua kama tofauti hiyo ni kosa la mkono au ni dalili kwamba nadharia ya ulimwengu ina tundu? Mkariri hawezi kujua. Mdhihaki naye hawezi. Anayeweza ni yule tu aliyefundishwa kuutazama uzio kabla ya nguzo.

Namba tupu ina hatari nyingine ambayo naiona hata magazetini. Mwaka 2024 ilitangazwa galaksi iitwayo JADES-GS-z14-0, iliyoonekana kwa Darubini ya Webb, na wengi wakaandika kwamba iko umbali wa miaka-nuru bilioni 13.5. Huo si umbali wake. Huo ni muda ambao nuru yake imesafiri. Nuru inayosafiri katika anga linalotanuka hunyoshwa pamoja nalo, mawimbi yake yakarefuka na kuelekea wekundu. Nuru ya galaksi ile imenyoshwa mara 15, maana yake ulimwengu umetanuka mara 15 tangu ianze safari. Ilipoondoka, galaksi ilikuwa umbali wa miaka-nuru bilioni 2 na ushei kutoka hapa. Leo, baada ya anga kuumuka, iko zaidi ya bilioni 33. Namba tatu, na zote za kweli, kila moja ikijibu swali lake. Mwanafunzi wa kadi akikutana na 33 na huku amekariri 13.8, atauliza: kitu kinawezaje kuwa mbali hivyo katika ulimwengu wa umri mdogo hivyo? Swali lake ni zuri sana. Kwa bahati mbaya, jibu atakalopewa ni kwamba asiulize maswali yasiyo katika mtihani.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba shule zetu hazina darubini. Kidole gumba wanacho. Vibatari na tochi viwili vya nguvu moja, kimoja hatua 10 na kingine hatua 20, havihitaji bajeti ya wizara. Unga wa maandazi uko jikoni. Nitaambiwa pia kwamba muhtasari ni mrefu na muda ni mfupi. Lakini muda wa kumkaririsha mtoto namba ambayo itabadilika kabla hajaoa ulipatikana wapi? Na wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya wenye shibe. Waliokipa Kilimia jina lake hawakuwa na shibe. Walitazama juu kwa sababu walitaka kula. Tena walijua jambo ambalo kadi haijui, kwamba Kilimia ni dalili ya mvua na si ahadi ya mvua. Mkulima aliyepanda kwa dalili aliacha mbegu kidogo ghalani, kwa tahadhari. Hiyo akiba ya ghalani ndiyo uzio ninaousema.

Basi nadai hivi, na sitalegeza. Kitabu chochote kinachompa mtoto umri wa ulimwengu kimwandikie pia, kwa sentensi mbili tu, umepimwaje na unaweza kukosea kwa kiasi gani. Kiandike kwamba bilioni 13.8 ina uzio wa miaka milioni 20 na ushei kila upande, iwapo nadharia tuliyonayo ni ya kweli, na kwamba hilo "iwapo" bado linachunguzwa. Mtihani usiulize "miaka mingapi?" bila kuuliza "kwa njia gani?" Na mwanafunzi anayejibu kwa uzio asinyimwe alama kwa sababu mwenye kadi ana haraka.

Wakipata 13.1 au 14.2 siku moja, sitaki mwanafunzi wangu acheke, wala sitaki ashtuke na kukimbilia kufuta daftari. Nataka aulize ni kidato gani cha ngazi kimesogezwa. Akiweza kuuliza hivyo, hata namba yenyewe akiisahau mimi sina neno.